Fundi Yupo, Mwenye Mwili Haulizwi

Mtoto akizaliwa na maumbile yanayowafanya wakunga watazamane, sisi watu wazima hatuchelewi kuamua. Baba huitwa pembeni, bibi hutoa kauli yake, daktari hutoa ushauri, na pengine mtoto hajajua hata kutamka "mama" tayari kisu kimeshapita. Lakini mtu wa miaka thelathini, mwenye akili zake timamu na kazi yake, akienda kwa daktari kwa miguu yake na kusema kwamba tangu utotoni hajapatana na mwili aliozaliwa nao, na kwamba anaomba kuelezwa habari za upasuaji, huyo tunamwona mwehu, au mhalifu, au mpotofu aliyedanganywa na Wazungu. Asiyeweza kusema tunampasua. Anayesema tunamnyamazisha.

Najua fika kwamba gazeti la mwishoni mwa wiki, linalosomwa huku nyumba ikinukia pilau, si mahali watu walipozoea kukuta habari za uume na kinembe. Nitatumia maneno ya hospitali, yale ambayo daktari angeyatumia mbele ya mama yake. Mwenye kuona haya aruke aya tatu zinazofuata, mradi akifika kwenye baraza asitoe hukumu juu ya jambo alilolikimbia.

Upasuaji ninaouzungumzia madaktari wanauita metoidioplasti. Hufanyiwa mtu aliyezaliwa akaandikwa mwanamke, lakini anayejijua na kuishi kama mwanamume. Msingi wake ni jambo ambalo kila mwanafunzi wa udaktari hulisoma mapema: kinembe na uume huanza kama kichipukizi kimoja tumboni mwa mama, na kinachoamua kichipukizi hicho kikue vipi ni homoni. Mtu huyu akitumia homoni ya kiume, testosteroni, kwa mwaka mmoja au zaidi chini ya uangalizi, kinembe hurefuka na kunenepa. Daktari huja kukata kano zinazokiinamisha na kukishikilia karibu na mfupa wa kinena, akakinyoosha, akakivika ngozi iliyopo hapohapo. Mgonjwa akitaka, mrija wa mkojo hurefushwa hadi nchani kwa kutumia utando laini unaochunwa ndani ya shavu la mdomo, ili aweze kukojoa amesimama. Mashavu ya nje ya uke huweza kushonwa yakawa mfuko na kutiwa korodani za silikoni. Uke wenyewe huweza kufungwa, huweza pia kuachwa. Mfuko wa uzazi vivyo hivyo.

Njia hii huhesabiwa kuwa nyepesi ikilinganishwa na ile kubwa ya kujenga uume mzima. Katika hiyo kubwa, kwa mtindo ulioelezwa na madaktari wa China Chang na Hwang mwaka 1984, hukatwa kipande cha ngozi ya kigasha pamoja na mishipa yake ya damu na ya fahamu, kikaviringishwa na kuunganishwa kinenani chini ya hadubini. Ni kazi ya saa nyingi, mara nyingi kwa awamu kadhaa, na mkono hubaki na kovu la kudumu. Metoidioplasti haichukui nyama ya mkono wala ya paja. Hisia kwa kawaida hubaki, kwa sababu mishipa ya fahamu haikatwi. Anachokosa mtu ni urefu. Madaktari wa Belgrade, Serbia, wakiongozwa na Miroslav Djordjevic, walichapisha mwaka 2009 taarifa ya wagonjwa 82 waliowapasua kwa awamu moja: urefu uliopatikana ulikuwa kati ya sentimita 4 na 10, wa kati ukiwa 5.7. Saba walipata fistula, yaani tundu la kuvujisha mkojo, kwenye mrija na wawili mrija ukabana, wote wakahitaji marekebisho madogo. Wengine zaidi ya ishirini walisumbuliwa na mkojo kudondoka au kutawanyika.

Nimezitaja namba hizo makusudi. Mtu asije akadhani naupamba upasuaji huu. Kwa wengi hautoshi kwa tendo la ndoa la kuingiliana, matatizo ya mkojo ni ya kweli, na taarifa nyingi zinatoka kwenye vituo vichache ambavyo ndivyo vinavyoufanya. Tena wapo wanaume wengi wa namna hii ambao hawautaki kabisa. Wametosheka na homoni, au na nguo na jina tu. Ninachosema ni kwamba hiki ni kitu kinachoelezeka, chenye faida na hasara zinazoweza kuwekwa mezani, kama ilivyo kwa upasuaji wa tezi dume.

Wanaosema ni mambo ya jana yaliyoletwa na simu janja wangesoma kidogo historia ya vita. Harold Gillies, daktari mzaliwa wa New Zealand, aliivumbua mwaka 1917 njia yake ya kuviringisha ngozi kuwa bomba, kwa ajili ya kuwarudishia sura askari waliopasuliwa nyuso na mizinga. Ni vita hiyohiyo iliyopita huku kwetu na kuwabebesha mizigo vijana wa Tanganyika mpaka wakafa njiani, na kutuachia jina la Kariakoo, kwani pale ndipo kilipopiga kambi kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Vita ya Pili ya Dunia ilipokwisha, kati ya mwaka 1946 na 1949, Gillies alitumia bomba lilelile la ngozi kumjengea uume Michael Dillon, Mwingereza aliyekuwa akisomea udaktari Dublin. Ilihitaji operesheni zisizopungua 13. Dillon alihitimu, akafanya kazi ya udaktari melini, akaishia kuwa mtawa wa Kibudha na kufia India mwaka 1962. Metoidioplasti ilianza kuelezwa na madaktari wa Marekani miaka ya 1970, hasa kwa sababu watu walichoka na operesheni kumi na kitu.

Sasa tuje nyumbani. Je, ufundi huu uko mbali na sisi? Hapana, na hilo ndilo linaloniudhi.

Wapo watoto wa kiume wanaozaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya nchani. Takriban mmoja kati ya kila wavulana 200 hadi 300 huwa hivyo, kwa kiwango kidogo au kikubwa. Madaktari bingwa wa Muhimbili na wa KCMC kule Moshi huwarekebisha: huunyoosha uume uliopinda, hujenga mrija wa mkojo, na pengine huchuna utando wa ndani ya shavu ili kuuziba pengo. (Niseme hapahapa, kwa faida ya wazazi: mtoto wa namna hii asitahiriwe kabla ya kuonwa na daktari, maana lile govi ndilo kitambaa cha kumshonea. Wangapi wamepelekwa jandoni na kitambaa kikatupwa!) Msomaji aliyezisoma aya nilizomruhusu kuziruka ataona kwamba mikono ni ileile, nyuzi ni zilezile, na hofu ya fistula ni ileile.

Na fistula sisi ndio tunaoijua. Hospitali ya CCBRT pale Msasani imekuwa ikiwatibu wanawake waliochanika kwa uzazi wa shida, na tangu mwaka 2009 ikatumia M-Pesa kuwatumia nauli ili wafike kutoka mikoani. Dunia nzima ilikuja kujifunza jambo hilo kutoka kwetu. Mwanamke aliyefichwa nyuma ya nyumba kwa sababu ananuka mkojo alitafutwa kwa mawakala na kwa nauli, akaletwa, akatibiwa, bila ya kuulizwa kwanza kama anastahili. Sijui heshima kubwa zaidi ambayo udaktari wa jiji hili la Dar es Salaam umewahi kujipatia.

Basi chukua mtu aliyepanda ndege akaenda kupasuliwa nje, India au Thailand au huko Belgrade, kwa fedha zake mwenyewe. Amerudi na mpira wa mkojo, na siku ya kumi usaha unamtoka. Anakaa Ilala. Aende wapi? Aseme nini dirishani? Fundi wa kumtibu yupo umbali wa daladala moja, lakini mgonjwa atakaa ndani na maumivu yake kwa kuogopa kile atakachoulizwa mapokezi, na nani mwingine atakuwa anasikiliza. Hapo hatuzungumzii tena kubadili jinsia. Tunazungumzia binadamu mwenye mkojo uliovuja ndani ya nyama.

Kuna mfano mwingine ulio jirani na Kivukoni, na naomba tuukalie kidogo. Ukifuata barabara ya ufukweni kutoka Feri, ukaipita Ikulu, utafika Ocean Road. Majengo yale Wajerumani waliyafungua mwaka 1897 kama hospitali yao, na leo ndiyo Taasisi ya Saratani. Katika saratani zote zinazowapata wanawake wa Tanzania, ya mlango wa kizazi ndiyo iliyo mbele, na nchi yetu imo miongoni mwa zile zenye mzigo mkubwa zaidi wa ugonjwa huo duniani. Ndiyo maana mwezi Aprili 2018 serikali ilianza kuwachanja wasichana wa miaka 14 nchi nzima dhidi ya virusi vya HPV. Uchunguzi ni rahisi: siki kidogo, taa, na jicho lililofundishwa.

Nimesema huko juu kwamba mfuko wa uzazi huweza kuachwa. Wanaume wengi waliozaliwa wakaandikwa wanawake bado wanao, awe amepasuliwa au hajapasuliwa. Basi ana ndevu, ana sauti nzito, na ana mlango wa kizazi unaoweza kuota saratani kama wa dada yake. Foleni ya uchunguzi ni ya akina mama. Muuguzi huita jina kwa sauti, benchi zima likageuka. Jina ni la kike, anayepaswa kunyanyuka ni mwanamume. Unafikiri atanyanyuka? Hatanyanyuka. Atakuja miaka mingi baadaye akiwa anatoka damu, na taasisi itatumia mionzi ya fedha nyingi kupambana na kitu ambacho siki ingekiona.

Hakuna mila, dini wala sheria ninayoijua inayotaka mtu huyo afe. Anakufa kwa sababu hatujaamua namna ya kumwita.

Hofu ya watu hawa kuingia hospitali haikuanguka kutoka mbinguni. Mwezi Februari 2017 Wizara ya Afya ilitangaza kuvifungia vituo 40 huduma za UKIMWI zilizokuwa zikilenga makundi maalumu, kwa madai kwamba vinahamasisha ushoga. Mwishoni mwa Oktoba 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam wa wakati huo, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwataka wananchi wamletee majina. Siku chache baadaye Wizara ya Mambo ya Nje ikasema hayo ni maoni yake, si msimamo wa serikali. Kauli ilikanushwa, lakini somo lilikuwa limeshaingia. Mtu anayejijua kuwa mwanamume katika mwili ulioandikwa wa kike huenda hahusiani kabisa na kilichokuwa kikitafutwa, lakini mtaani nani anayetofautisha? Kwa macho ya kijiwe wote ni kapu moja.

Sheria yenyewe ina mwanya ambao wengi hawaujui. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kilichorithiwa kutoka kwa Waingereza na kuongezewa makali mwaka 1998 hadi kifungo cha miaka isiyopungua thelathini, kinazungumzia tendo. Hakizungumzii umbo la mtu, wala homoni, wala upasuaji. Ibara ya 16 ya Katiba inaahidi kuheshimiwa kwa nafsi ya mtu na maisha yake ya faragha. Kuhusu jina, Mtanzania mtu mzima anaweza kulibadili kwa hati ya kiapo inayosajiliwa na Msajili wa Hati. Wenyeji wa mjini wanakumbuka foleni za ofisi yake, Ardhi House, Kivukoni Front. Lakini jina likishabadilika, herufi ya jinsia kwenye cheti cha kuzaliwa cha RITA na kwenye kitambulisho cha NIDA hubaki pale pale, na ndiyo inayokufuata benki, kwenye laini ya simu na kwenye benchi la Ocean Road.

Majirani zetu wamelivaa jambo hili mahakamani, na matokeo yake ni ya kuchanganyikana. Kenya, Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir aliliamuru Baraza la Mitihani la Taifa kumpa Audrey Mbugua cheti kipya cha sekondari chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Sheria ya Kenya, alisema jaji, haikuwa ikilazimisha alama hiyo iwepo. Mwaka huohuo Jaji Isaac Lenaola, katika kesi ya mtoto aliyetajwa kwa herufi A tu, aliyezaliwa Hospitali ya Kenyatta akaandikiwa alama ya kuuliza mahali pa jinsia, aliitaka serikali itengeneze mwongozo kwa ajili ya watoto kama huyo. Mwongozo ulichukua miaka, lakini sensa ya 2019 ikawa ya kwanza kuwahesabu: wakapatikana huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile ya jinsia yaliyochanganyika, 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja na katazo la kubadili au kuondoa viungo vya mtoto huntha pasipo ushauri wa mtaalamu wa vinasaba.

Uganda nao, ambao hakuna atakayewashutumu kwa kulegea kuhusu mambo haya, wana sheria ya usajili wa watu ya mwaka 2015 inayoruhusu kubadilishwa kwa jinsia ya mtoto aliyezaliwa huntha, baada ya upasuaji na uthibitisho wa daktari. Julius Kaggwa, aliyelelewa Uganda kama msichana, alichapisha kisa chake mwaka 1997 na baadaye akaanzisha shirika la kuwasaidia watu wa namna hiyo. 

Hapa msomaji makini atanikatiza: wewe mwandishi unachanganya. Huntha ni mtu mmoja, na mwanamke mzima kimaumbile anayetaka kuwa mwanamume ni mwingine. Kweli kabisa, nakubali, na nisingependa mtu aichukue hoja hii ya huntha akaifanya mlango wa nyuma. Tena dini zetu mbili kubwa zimeweka mpaka palepale. Baraza la Fiqhi la Makka lilipokutana mwaka 1989 liliharamisha kubadili jinsia kwa mtu mwenye viungo vilivyokamilika, likaruhusu matibabu kwa mwenye alama zilizochanganyika. Vatikani, katika waraka wake wa Aprili 2024 kuhusu utu wa binadamu, ilisema karibu hayohayo: inapinga kubadili jinsia, haimzuii aliyezaliwa na hitilafu ya viungo kutafuta tiba. Kutoka Kanisa la Mtakatifu Yosefu hadi Msikiti wa Kitumbini ni mwendo wa dakika chache, na katika hili inaonekana wanasoma kitabu kimoja. (Wapo wanaotoka kwenye safu: Ayatollah Khomeini aliruhusu miaka ya 1980, na Iran imekuwa ikifanya upasuaji huu tangu hapo. Lakini hoja ya Iran haina uzito mkubwa kwa Shafii wa Mwambao, na mimi sitaitegemea.)

Ninachokiona katika fiqhi ya Mwambao ni tabia fulani ya kiakili ambayo tumeipoteza. Aliyesoma mirathi kwa madhehebu ya Shafii anajua mlango wa huntha ambaye jinsia yake haijabainika. Wanazuoni hawakumkimbia wala hawakumfanyia haraka. Walisema: kila mrithi apewe kile ambacho hakina shaka, kilichobaki kiwekwe mpaka hali ibainike. Wakaziorodhesha dalili, na miongoni mwa dalili hizo, baada ya kubaleghe, lilikuwamo hili: mwenyewe anaelekea wapi, anasema nini juu ya nafsi yake. Watu wa karne nyingi zilizopita, wasio na hadubini wala kipimo cha vinasaba, walikuwa tayari kusubiri na kuuliza. Sisi wenye vipimo vyote hivyo tunampasua mtoto wa miezi sita.

Si kila upasuaji wa mtoto ni kosa. Upo ugonjwa wa tezi za juu ya figo ambao humfanya mtoto wa kike azaliwe na kinembe kikubwa mithili ya uume, na aina moja ya ugonjwa huo humwaga chumvi ya mwili mpaka mtoto akafa wiki za mwanzo. Huyo anahitaji dawa mara moja, usiku huohuo, na wazazi waambiwe ukweli. Mkojo ukiziba, lazima ufunguliwe. Lakini kupunguza kinembe ili mtoto "apendeze", ili shangazi asiulize maswali wakati wa kumwogesha, hilo linaweza kusubiri mpaka mwenyewe aseme. Kinachokatwa hakirudi. Na wapo watoto huntha waliokatwa wakafanywa wasichana, wakakua wakiwa wanaume, na ile nyama ambayo daktari wa Belgrade angeitumia ilikwishatupwa siku nyingi.

Hapo ndipo mambo mawili niliyoyatenganisha yanapokutana. Huntha mtoto na mwanamume mzima aliyeandikwa mwanamke wanatofautiana kwa kila kitu isipokuwa kimoja: wote wawili wanaamuliwa na watu wengine. Dini inaweza kuendelea kumwambia muumini wake lipi halali na lipi haramu. Ndiyo kazi yake, na muumini ana uhuru wa kusikiliza. Kazi ya daktari ni nyingine. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake mpya ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, liliondoa hali ya mtu kutopatana na jinsia aliyoandikiwa kwenye sura ya magonjwa ya akili na kuiweka kwenye sura ya hali zinazohusu afya ya kijinsia. Daktari wa Tanzania anaweza asikubaliane na hilo. Bado anapaswa kujua kilichomo ili mgonjwa akimuuliza asijibiwe kwa mahubiri.

Maana akijibiwa kwa mahubiri atakwenda kwingine, na kwingine huko tunakujua sote. Tembea Msimbazi, Uhuru, Mchikichini, usome nguzo za umeme: mganga anarefusha, mganga ananenepesha, mganga anarudisha mke, namba ya simu hiyo hapo. Sindano za homoni za kiume, ambazo wanyanyua vyuma wanazijua vizuri, hazihitaji miujiza kupatikana. Mtu anajidunga kwa kipimo alichoambiwa na rafiki. Testosteroni ikizidi, damu huwa nzito na huweza kuganda. Vidonge vya aina fulani vya zamani huharibu ini. Mamlaka ya dawa, TMDA, inaweza kusaka maduka mpaka kesho, lakini dawa ya bandia na ya magendo hustawi pale ambapo dawa halali haina mlango wa kuombea. Ni kijana gani wa Kariakoo atakayekwenda kupima wingi wa damu ikiwa lazima kwanza aeleze kwa nini?

Swali la fedha nalijua, na ni swali la haki. Kwa nini hospitali ya umma imhangaikie huyu wakati mjamzito anaambiwa aje na glavu zake? Jibu langu litawaudhi baadhi ya watetezi: isimhangaikie kwa kisu, kwa sasa. Mimi sidai metoidioplasti iingie kwenye bima ya afya ya taifa mwaka huu, wala sidai Muhimbili ifungue kliniki. Afrika Kusini, yenye sheria ya kubadili jinsia kwenye kumbukumbu tangu mwaka 2003 na hospitali ya umma kama Groote Schuur inayofanya upasuaji huu, bado inawasubirisha watu miaka na miaka kwenye orodha. Sisi hatuna hata orodha. Lakini kuzungumza na mgonjwa hakuna bajeti. Kutibu fistula ya mtu aliyepasuliwa Bangkok hakuhitaji chumba kipya cha upasuaji. Kumwita mtu kwa namba badala ya jina kwenye benchi la uchunguzi ni karatasi na kalamu. Benki zinafanya hivyo kila siku kwa sababu zisizo na uhusiano wowote na jinsia.

Baraza la Madaktari Tanganyika liandike mwongozo mfupi, kurasa mbili zatosha. Mtoto mwenye maumbile yasiyoeleweka asipasuliwe kwa ajili ya sura tu mpaka awe na umri wa kusema mwenyewe, na wazazi wake wapewe maelezo kwa maandishi kwa Kiswahili. Mtu mzima anayeuliza kuhusu homoni au upasuaji aelezwe ukweli wa kitabibu, pamoja na zile fistula saba na sentimita 5.7, na anachokisema kibaki chumbani mwa daktari. Aliyepasuliwa kwingine akaja anaumwa, atibiwe. Aliye na mlango wa kizazi apimwe mlango wa kizazi, awe na ndevu au asiwe nazo. Wizara ya Afya ina mamlaka ya kuutia saini mwongozo huo bila kulisubiri Bunge, na ninaiomba ifanye hivyo.